Samaki wa Muganga Wamefunga

Mwani ulikuwa umerudi.

Gharibu alisimama mbele ya tangi la kioo, mswaki mkononi. Mswaki huo haukuwa wa meno yake, ulikuwa wa mawe. Jana jioni alisugua kila jiwe mle ndani mpaka likang'aa kama meno ya bwana harusi. Leo asubuhi mawe yale yale yameota ndevu za kijani, nazo zinapepea ndani ya maji, taratibu, kwa kiburi, zinamuuliza: umeamkaje, daktari?

Daktari alikuwa kweli, daktari wa meno, mtu wa Tanga aliyeletwa Kasulu na kazi ya serikali. Kutwa anawakwangua watu ukoga, jioni anarudi nyumbani kuikwangua bahari. Na mtu mzima anayekwangua kitu kisichofungua mdomo kulia wala kushukuru, haichukui muda ataanza kuongea peke yake.

"Kwetu watu wanakupanda," aliuambia mwani. "Shangazi yake Mwantumu anakufunga kwenye kamba baharini, anakubembeleza kama mtoto wa kambo, na bado huoti. Mimi sijakupanda. Sijakuita. Nakung'oa kila siku ya Mungu. Una nini na mimi?"

 Waliokuja kwenye kioo ni samaki wawili, rangi ya chungwa bivu, wenye mistari mieupe shingoni. Wakamtazama. Wakafungua midomo, wakafumba, wakafungua.

"Na nyinyi msinianze," Gharibu akasema.

Bahari ndani ya nyumba, juu milimani, mahali ambapo watu wanajua mvua na mito na Ziwa Tanganyika kwa mbali: wazo hilo halikuanza na wazimu. Lilianza na mapenzi, ambayo ni ndugu yake. Mwantumu, mke wa Gharibu, alizaliwa na kukulia mtaa ambao ukifungua dirisha chumvi inakuingia kinywani. Walipofunga ndoa alimwambia mumewe waziwazi, "Mimi sijawahi kulala mahali pasipo na bahari. Huko kazini kwako kwenye migomba nitakufa nikiwa nimesimama." Na Gharibu, kwa ulimi wa mwanamume aliyeoa juzi, akajibu, "Basi nitaileta bahari."

Akaileta. Alilinunua tangi Dar es Salaam kwa mhandisi aliyekuwa anahama nchi, pamoja na mawe yake, samaki wake, na matumbawe ya kufugwa, si ya kuvunja baharini. Likapanda Kasulu juu ya lori la magodoro. Chumvi yake maalumu ilimfuata kwa basi, kwenye ndoo, na mjini watu wakaulizana chumvi ya Uvinza, iliyo hapo jirani, imemkosea nini huyu daktari. Ilipowashwa taa, matumbawe yakafungua vidole vyake vya zambarau, Gharibu akapiga picha, akamtumia mkewe. Mwantumu akajibu kwa maneno machache: "Picha ni picha. Nitakuja kuangalia kwa macho. Ikiwa bahari, nakaa. Ikiwa dimbwi, nageuka na basi lililonileta."

Naye si mwanamke wa kusema jambo kwa utani. Alikuwa ameshaomba likizo shuleni alikofundisha, na likizo ilikuwa inakaribia. Na bahari ya Gharibu, tangu ile picha, ilikuwa imegeuka kijani kama bwawa la bata.

Dawa alizijua zote, alizisoma kwenye simu mpaka macho yakamtoka maji. Alipunguza saa za taa. Alibadilisha maji, ndoo kwa ndoo, mgongo ukamlalamikia. Aliagiza konokono wa kula mwani. Wakafika, wakala siku ya kwanza kwa bidii ya vibarua wapya, siku ya pili wakapanda kwenye kona ya kioo na kulala. Alichukua vifaa vyake vya zamani vya kazi, kikwangulio cha ukoga na kibano cha chuma, akashughulika na jiwe moja moja kama jino la waziri. Mwani uling'oka leo, ukaota kesho, na kila ulivyorudi ulikuja na ndugu zake. Yale matumbawe ya zambarau yakafunikwa, yakafumba vidole, yakanuna.

Kitabu chochote, mtu yeyote, simu yoyote ilimwambia neno moja: mwani haujileti. Mwani unalishwa. Chakula kikizidi majini, kikioza, ndicho mbolea yake. Lakini Gharibu aliwapa samaki wake chembe za kuhesabika, mara moja kwa siku. Nani mwingine angewalisha?

Jibu alilipata siku hiyo hiyo, kwa kibano. Alikuwa anachokoa mchanga kwenye pembe ya tangi, akagusa kitu laini. Akakivuta juu. Akakiweka kiganjani. Akakitazama muda mrefu sana.

Lilikuwa haragwe. La kuchemsha. Na kwa jinsi lilivyong'aa, lilikuwa limeungwa vizuri kwa mafuta ya mawese.

"Bibi Kezia!" aliita kwa sauti iliyowatimua kuku uani.

Bibi Kezia ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mjane mnene kiasi, mwenye jino moja la mbele alilokataa Gharibu aling'oe kwa sababu, alisema, ndilo analofungulia njugu. Wazazi wake walitoka Burundi zamani za vurugu; yeye alikuwa Mtanzania wa vyeti na wa kelele. Aliishi nyumba ya nyuma, na ufunguo wa nyumba ya Gharibu ulikaa kwake, maana umeme ukikatika mchana lazima mtu aingie kuwasha betri, la sivyo pampu zinasimama na bahari inakufa. Alikuja anafuta mikono kwenye kitenge, akasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, Muganga. Mbona unaita kama nyumba inaungua?"

Jina hilo la Muganga nalo lilimkera. Kwa Kiha muganga ni daktari, hakuna ubaya. Lakini kwa masikio ya mtu wa Tanga lilikuwa mganga kabisa, wa ramli na hirizi, na mwenye tangi la maji ya kijani sebuleni hakulihitaji jina hilo.

"Hii ni nini, Bibi?"

Kezia akainama, akakitazama kiganja. "Haragwe."

"Najua ni haragwe! Limetoka baharini. Bahari gani inazaa maharage?"

"Hiyo yako, kumbe," akasema Kezia. "Hongera. Kwetu hata shambani mwaka huu hayakukubali."

"Bibi. Umewalisha samaki wangu?"

Kezia akajishika kiuno. "Sasa wewe mwanangu unaniuliza kana kwamba nimeiba. Nikiingia hapa kuwasha betri yako, huyu Shemasi anakuja mbio mpaka kwenye kioo." Shemasi ndilo jina alilompa samaki mkubwa, kwa ajili ya ile kola nyeupe shingoni. "Anakuja na mkewe. Wananitazama usoni, wanafungua mdomo hivi, hivi, hivi." Akafungua na kufumba mdomo, jino lake moja likitokea na kupotea. "Mtu akikufungulia mdomo, utampita? Mimi sikulelewa hivyo."

"Haombi chakula! Anapumua! Samaki anapumua kwa mdomo!"

"Hata ombaomba wa sokoni anapumua kwa mdomo, Muganga. Na bado ana njaa."

Gharibu akavuta pumzi. Akaeleza, kwa upole aliowawekea watoto wanaoogopa sindano: chakula kikizidi kinaoza, kikioza kinalisha mwani, mwani unayabana matumbawe, matumbawe yakifa, Mwantumu anapanda basi. Kezia alisikiliza vizuri sana. Maelezo yalipofika kwenye basi, hata akapiga ulimi kwa huruma.

"Mana yanje, Mungu wangu. Kumbe ni habari ya ndoa. Basi, mwanangu, naapa: mkono huu hautatia tena kitu mle."

Na hakutia. Mwanamke wa ahadi. Wiki iliyofuata Gharibu akachokoa mchanga tena, akatoa kipande cha kiazi, mwiba wa mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, na kitu kilichofanana sana na keki ya ubatizo.

"Uliapa!"

"Niliapa mkono wangu. Hiyo ni mikono ya wageni."

Hapo ndipo Gharibu alipopata kujua mambo yalivyokuwa nyumbani kwake akiwa kazini. Watu walikuwa wanakuja kuiona bahari. Akina mama wa kanisa walipita wakitoka mazoezi ya kwaya. Mzee wa kanisa, Nduwayezu, alileta wageni wa parokia kutoka Kibondo, wakasimama kwa heshima wametoa kofia. Na hakuna mtu wa milima ile aliyelelewa vizuri anayekwenda kutazama kiumbe kinywani bila kushika kitu mkononi. Kwenda mikono mitupu kwa mgonjwa, kwa mzazi, kwa mfiwa, ni aibu. Sembuse kwa Shemasi, aliyesafiri kutoka baharini mpaka Kasulu bila ndugu?

"Waambie wasitoe," Gharibu akasema.

Kezia akamtazama kama aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Mimi? Nimwambie mgeni rudisha chakula chako? Watanizika wapi?"

Gharibu akabandika karatasi kwenye kioo: USIWALISHE SAMAKI. Dorcas, kiongozi wa kwaya, akaisoma kwa sauti, akasema huyu daktari ni mnyenyekevu, hataki kuwasumbua watu, ndivyo watu wa pwani walivyo. Akatia chapati.

Akachukua ufunguo wake kwa Kezia. Siku ya pili umeme ukakatika kabla ya saa nne, naye alikuwa ameingia kwenye gego la mtu na nusu ya gego iko nje. Alipofika nyumbani mbio, maji yamesimama, Shemasi anahema juu juu, na Kezia amekaa kizingitini akitafuna njugu kwa lile jino.  Alinyoosha kiganja tu. Gharibu akaurudisha ufunguo.

Ikabaki dawa moja, ile ya mwisho, ambayo simu iliisifia: giza. Zima taa, funika tangi lote pasiingie hata ufa wa mwanga, siku kadhaa. Mwani bila mwanga unadhoofu, samaki na matumbawe wanavumilia. Gharibu akaomba ruhusa kazini. Akatafuta kitambaa kizito, asipate ila kile cheusi cha mapazia alichonunua kwa ajili ya chumba cha Mwantumu. Akalifunika tangi mpaka chini, akalibana kwa kamba, akavuta mapazia ya sebule, akafunga mlango. Kisha akatoka nje, akakaa barazani, macho mekundu kwa maji ya chumvi, mashavu mikononi, akiwaza kama kuna mwanamume mwingine Tanzania nzima anayeshindana na nyasi za majini.

Hivyo ndivyo Dorcas alivyomkuta. Alimsalimia, akaitikiwa kwa shida. Akazunguka nyumba, akachungulia kwenye mwanya wa pazia. Ndani kuna giza. Katikati ya giza kuna kitu kirefu, kama urefu wa mtu, juu ya meza, kimefunikwa kitambaa cheusi na kufungwa kamba.

Dorcas hakupiga kelele. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni, akaondoka kwa hatua za haraka.

Walianza kuja kabla ya adhuhuri. Wanawake na kuni kichwani. Wanaume na mabenchi ya kanisa. Mtu akaleta turubai. Moto ukawashwa uani, sufuria ikatengwa, na Gharibu bado ameshika mashavu akidhani Bibi Kezia ana harusi na hakumwambia. Mpaka Mzee Nduwayezu alipomkalia pembeni, akamshika bega.

"Pole sana, Muganga."

"Asante, Mzee. Ni kazi kweli."

"Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

"Ametwaa nini?"

Nduwayezu akalibana bega zaidi. Wafiwa wengine huanza hivyo. "Tulikuwa tunaulizana tu na wenzangu, mwanangu. Tunazika hapa, au tunasafirisha pwani? Kama ni kusafirisha, gari litafutwe mapema, na hili joto."

Gharibu akageuka. Akauona moto. Akaziona kuni, mabenchi, turubai, akina mama wameketi chini miguu imenyooshwa. Kwaya ilikuwa inajipanga.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe ndiye utuambie," akasema Nduwayezu kwa upole sana.

Akaruka. Akaufungua mlango, umati nyuma yake, akaenda kwenye tangi, akafungua kamba kwa meno, akainua pembe ya kitambaa. "Ni samaki! Tazameni! Samaki! Hakuna maiti hapa!"

Shemasi, aliyekuwa gizani na sasa ameona mwanga na nyuso nyingi, akaja mbio mpaka kwenye kioo. Akafungua mdomo. Akafumba. Akafungua.

"Masikini," sauti ya Dorcas ikasema. "Wamekaa na msiba bila kula." Na tayari alikuwa na sahani ya ugali wa muhogo na maharage ya matanga, na tayari amekata tonge, na mkono uko juu ya maji.

Hapo kitu kikakatika ndani ya Gharibu. Haikuwa hasira, hasira alikwisha kuipita zamani. Ilikuwa ni sauti tu, ilimtoka mwilini mzima.

"Hapana! Tumefunga! Hapa tumefunga, mnanisikia? Hakuna chakula, hakuna wageni, hakuna kitu! Tumefunga mpaka siku Mwantumu atakapofika!"

Alimaanisha duka limefungwa. Alimaanisha mlango, dirisha, pazia na kufuli. Lakini neno likishatoka halina kufuli.

 Mkono wa Dorcas ukasimama hewani, tonge likidondosha mchuzi kwenye zulia.

"Mmefunga," Nduwayezu akarudia polepole, akavua kofia. "Kwa ajili ya mke wako afike salama."

"Ndiyo! Hapana! Kwa ajili ya mke wangu, ndiyo."

"Na samaki nao?"

Gharibu alichoka. Alichoka mpaka kwenye kucha. "Samaki ndio wa kwanza," akasema.

Dorcas akalirudisha tonge kwenye sahani, akaifunika sahani kwa kitenge chake, uso umemshuka. "Utusamehe, Muganga. Hatukujua. Na sisi tunapika mbele yao." Akarudi nyuma kinyumenyume mpaka mlangoni. Nje mtu akatia maji kwenye moto. Mabenchi yakapanda mabegani, turubai likakunjwa, na uani kukabaki Kezia peke yake, anayazoa majivu, mabega yakimtikisika kidogo, pengine kwa kikohozi.

Gharibu alihitaji siku nzima kuelewa alichosema. Alielewa jioni ya kesho yake, alipomsikia Kezia nje akiwakaripia watu wazima: "Tafunia huko barabarani! Humu ndani kuna waliofunga!"

Nia yake ya kwanza ilikuwa kutoka na kueleza. Alifika mpaka mlangoni. Kisha akarudi, akachokoa mchanga kwenye pembe. Hakukuwa na haragwe. Hakukuwa na kiazi, wala mwiba, wala keki. Mchanga ulikuwa mchanga. Gharibu akakaa chini. Uongo hakuutunga yeye. Uliingia wenyewe, kama mgeni aliyekosea nyumba na bado ameshika mkungu wa ndizi. Nani atamwonyesha njia mgeni huyo?

Basi akanyamaza, akafanya kazi. Giza lilipomaliza muda wake alifunua tangi, akakuta mwani umekwajuka, umenyong'onyea. Akaung'oa kwa kibano, akanyonya uchafu kwa mpira, akabadilisha maji. Safari hii ulipojaribu kuota uliota kwa shida, nyuzi mbili tatu, kama ndevu za mvulana. Konokono wakashuka kutoka kwenye kona yao; naam, kumbe hata wao walikuwa wanashiba keki. Na watu waliendelea kuja kuiona bahari, lakini sasa walisimama mbali kidogo, mikono nyuma, wakinong'ona. Kule Kibondo ikasemwa kanisani kwamba Kasulu kuna samaki wana imani kuliko washirika wengine.

Tatizo likawa lingine, maana dunia haikuachii upumue. Samaki lazima wale. Na Gharibu, ambaye samaki ni wake, chakula ni chake, nyumba anailipia, ikambidi awalishe kwa kificho. Alfajiri anaamka kimyakimya, anapenya sebuleni bila viatu, anatia chembe zake, anasubiri ziishe zote, huku akichungulia dirisha kama mwizi wa kuku. Asubuhi moja akageuka, akamkuta Kezia amesimama mlangoni na mswaki wa mti kwenye lile jino.

"Muganga," akasema Kezia. "Wanakula?"

Gharibu akaficha kikopo cha chembe mgongoni. "Daku, Bibi."

"Daku ndiyo nini?"

"Kwetu aliyefunga hula kidogo alfajiri, kabla ya jua. Ndiyo sheria."

Kezia akamtazama Shemasi, akamtazama Gharibu, akautoa mswaki kinywani. "Dini yenu ina huruma," akasema, akaenda zake.

Mwantumu alifika Kasulu jioni, miguu imevimba kwa safari, buibui limejaa vumbi jekundu mpaka magotini.  Stendi aliitazama milima, akaitazama migomba, akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Gharibu akamwambia kwamba linaondoka alfajiri. "Vizuri," akasema Mwantumu, na begi hakumpa mumewe alibebe. Alilishika mwenyewe.

Akaingia sebuleni nalo. Gharibu akawasha taa ya tangi, akakaa pembeni, moyo unampiga kama pampu mbovu.

Maji yalikuwa yale ya bluu isiyo na jina, ambayo unaiona tu ukiinamia ngalawa. Mchanga mweupe. Mawe safi, yamerudia rangi yake ya kwanza. Na yale matumbawe ya zambarau yalikuwa yamefungua vidole vyote, yanapunga taratibu. Nyuma ya jiwe la mwisho, kama ukijua pa kutazama, palikuwa na uzi mmoja wa kijani. Gharibu alijisogeza akasimama kuuziba.

Mwantumu alilitazama tangi muda mrefu. Hakusema ni bahari, hakusema ni dimbwi. Akainama, akasogeza pua kwenye maji, akavuta harufu kwa macho yaliyofumba.

Na hapo mlango ukagongwa.

Walikuwa wote. Mbele Mzee Nduwayezu na kofia mkononi. Nyuma yake Dorcas na kwaya, na kila mmoja na chungu, sufuria, kapu, sinia. Ugali wa muhogo. Migebuka ya kukaanga. Maharage ya mawese. Ndizi za kupika, na juu ya kichwa cha mama mmoja, keki yenye sukari nyeupe. Harufu iliingia kabla yao.

"Tumesikia mama amefika salama," Nduwayezu akasema. "Bwana asifiwe. Basi mfungo umekwisha. Tumekuja kuwafungulisha."

"Kuwafungulisha nani?" akauliza Mwantumu.

"Shemasi na mkewe," akasema Dorcas, na sufuria ilikuwa tayari inaelekea kwenye tangi. "Wamefunga kwa ajili yako, dada, tangu tulipokuja kwenye msiba."

"Msiba wa nani?"

Gharibu akafungua mdomo. Akafumba. Akafungua. Alifanana na samaki wake mwenyewe. Mambo yote yalimjia kwa pamoja, haragwe, keki, msiba, daku, na mwisho wake ni sufuria nzima ya maharage inazama kwenye kazi yake ya miezi. Akamtazama mkewe tu, kwa macho ya mtu anayezama.

Mwantumu akamtazama mumewe. Akalitazama tangi, akazitazama sufuria. Mwalimu wa darasa la kwanza hahitaji kuelezwa mara mbili. Akaweka begi chini.

"Karibuni sana, mama zangu, baba zangu," akasema. "Mungu awalipe. Ila kwetu pwani, aliyefunga hafungui kwa karamu. Hufungua kwa kitu kidogo sana, kama tende moja, tumbo lisishtuke. Gharibu, tende yao iko wapi?"

Gharibu akampa kile kikopo. Mwantumu akachota chembe kwa ncha za vidole, akasema bismillahi, akazidondosha. Shemasi akala. Mkewe akala. Kwaya ikapiga vigelegele vilivyowafanya konokono wajifiche.

"Na chakula kinachobaki," Mwantumu akaendelea, "ni sadaka ya walioshuhudia. Kikirudi nyumbani ni mkosi. Kaeni tule."

Walikula. Mwantumu alikula migebuka kwa mkono mpaka kwenye mwiba, akasema samaki hawa wa ziwani hawana chumvi lakini wana tabia nzuri, na watu wakacheka. Aliulizwa kama Shemasi atafunga tena, akajibu bila kupepesa kwamba watu wa pwani hufunga sana, Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine kulingana na moyo. Gharibu, pembeni, alikunywa maji mengi.

Watu walipotawanyika alimsindikiza Kezia mpaka mlango wa nyuma. "Bibi, nina neno la kukuambia. Siku ile niliposema tumefunga..."

"Ulisema mlango," akasema Kezia.

Gharibu akasimama.

"Muganga, darasa la saba nilimaliza. Kufunga mlango na kufunga chakula navijua vyote viwili. Lakini mgeni huwezi kumwambia rudisha sahani yako. Mfungo unaweza." Akaonyesha lile jino. "Lala salama. Daku usisahau."

Alirudi ndani akamkuta Mwantumu amevua viatu. Begi lilikuwa limefunguliwa, kanga zimetandazwa kwenye kiti, na yeye anatafuta msumari ukutani wa kutundikia buibui. Saa ya basi hakuiuliza tena. Gharibu naye hakuuliza kitu, kwa kuogopa swali lisije likamkumbusha.

Asubuhi alichelewa kuamka, kwa mara ya kwanza tangu bahari iingie nyumbani. Jua lilikuwa limeshagusa kioo. Alikwenda sebuleni kwa furaha, na kibano chake, kuumaliza ule uzi wa mwisho wa kijani nyuma ya jiwe. Akainama.

Juu ya mchanga mweupe, peke yake, katikati kabisa, palikuwa na haragwe.

"Bibi Kezia!" akanguruma.

"Mimi niko shambani!" sauti ikajibu kutoka mbali, ng'ambo ya ua. "Muulize aliye ndani!"

Gharibu akageuka taratibu. Mwantumu alikuwa ameketi kwenye mkeka na bakuli la kiporo cha jana, vidole vina mafuta ya mawese, anatazama dari kwa makini sana.

"Mwantumu."

"Alinifungulia mdomo, mume wangu," akasema Mwantumu. "Ningempitaje?"